Mvua ya Saa Tisa

Nilipopata barua ya kupangiwa shule Eldoret, kila mtu pale Kisauni, Mombasa, alikuwa na neno la kuniambia kuhusu baridi. Kuhusu watu, hakuna aliyesema lolote. Shangazi alinifungashia blanketi zito la mtumba. Mzee mmoja wa msikitini alinisihi nisithubutu kukoga alfajiri. Rafiki yangu aliyesoma Chuo Kikuu cha Moi, kule Kesses, ndiye aliyeniacha mdomo wazi: aliniambia ninunue sufuria ya presha kabla ya kununua sweta. "Utakuja kunishukuru," alisema, akageuza mazungumzo.

Jawabu nililikuta jikoni. Eldoret imekaa kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, msukumo wake unazidi robo tatu ya ule wa Mombasa kwa kiasi kidogo tu, na maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Maharagwe yanatokota, povu linafurika, kifuniko kinacheza, na ukiyatia jinoni bado ni kokoto. Mtu aliyezoea kuinjika maharagwe baada ya adhuhuri na kuyapakua na nazi yake kabla ya magharibi, huku analala na chai na mkate. Nikizikumbuka wiki zile za mwanzo naona unyonge wangu ulikuwa na vipande vingi, na kimoja kikubwa kilikuwa ni maharagwe.

Kipande kingine kilikuwa pumzi. Ngazi za ghorofa moja zilitosha kunifanya nisimame katikati nijidai natafuta funguo, huku wanafunzi wangu wakinipita mbio, mifuko mgongoni, na bado wana sauti ya kuniamkia. Usiku nilishtuka mara kwa mara nikivuta hewa. Hayo ni mambo ya mwili na hayana siri: ukipanda mwinuko huo kwa ghafla, damu hubeba oksijeni pungufu, usingizi hukatika, na asubuhi unaamka mwepesi wa kukasirika. Baada ya muda mwili huongeza chembe nyekundu za damu na mambo hutulia. Kwangu pumzi ilirudi, sufuria ya presha ikanunuliwa, na unyonge ukabaki palepale. Ndipo nilipoanza kuitazama mvua.

Mvua ya Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret, ina ratiba. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba asubuhi huwa safi, anga ya samawati na nyasi zinametameta. Saa tano mawingu yanaanza kujikusanya. Saa nane ngurumo. Saa tisa mvua inashuka, na siku nyingine ni mvua ya mawe. Haiwi hivyo kila siku, lakini inakuwa hivyo mara nyingi kiasi kwamba mji mzima umejipanga kuizunguka. Nguo hufuliwa saa moja asubuhi. Mwenye shida ya ofisini huiwahisha kabla ya chakula cha mchana. Mwenye mazishi humwomba mhubiri afupishe.

Kuanzia saa nane miendo inabadilika kwenye Mtaa wa Kenyatta. Mabega yanapanda, watu wanajibizana kwa mkato, muuza nyanya akikutajia bei hiyo ndiyo bei. Makanga wa matatu za Langas na Huruma wanapandisha nauli kabla hata tone la kwanza halijagusa lami, na abiria wanawatukana kwa lugha zaidi ya tatu. Halafu mvua inashuka, na hasira inakatika. Hilo lilinishangaza zaidi ya baridi. Watu wanajibanza chini ya mapaa ya maduka, bega kwa bega, karani wa benki na kijana wa boda boda na mama mwenye kuku kikapuni, na kwa kuwa hakuna anayeweza kwenda kokote, hakuna tena mwenye haraka. Mama wa mahindi ya kuchoma anasogezewa nafasi yeye na jiko lake, kwa kuwa sasa anapasha joto umma. Wanaanza kuulizana. "Moiben imenyesha?" "Jana, tena mzuri. Lakini Ziwa bado." "Ikikuja wiki hii tena, tunaweka mbolea." Walihabarishana mvua kama watu wa forodhani wanavyoulizana habari za vyombo. Nami nilisimama kati yao, viatu vya ngozi vimelowa, uso wangu ndio pekee uliokunjika.

Nilikuwa nimepanga chumba na sebule huko Kapsoya kwa mama mmoja wa makamo ya ubibi ambaye ploti nzima ilimwita Kogo, jina wanalomwitia bibi kwa Kikalenjin. Nami nikamwita hivyo. Alasiri moja alinikuta nimeegemea mlango nikiitazama mvua.

"Mwalimu, hiyo uso unaonyesha nani?"

"Ni hii baridi, Kogo. Na giza. Vinanitia unyonge."

"Unajua hii nyumba ilijengwa na nini?"

Nikasema mawe na simenti.

"Ilijengwa na mvua. Mahindi ya Moiben ndiyo ilileta hiyo simenti. Sasa wewe unalala ndani ya nyumba ya mvua na unanunia mvua." Akacheka, akaniambia niingie kwake, chai iko motoni.

Alisema kwa mzaha, lakini tangu siku ile sikuweza tena kuamini kwa urahisi maneno kwamba wingu linahuzunisha na jua linafurahisha. Tulikuwa wawili, mlango mmoja, mvua moja. Ngozi zetu zilihisi baridi ileile. Tofauti ilikuwa kwenye kile ambacho kila mmoja wetu alikuwa amekiacha nje: yeye ekari kadhaa za mahindi yaliyofika magotini, mimi jozi moja ya soksi kwenye kamba.

Wanariadha wa upande wetu huu wangeweza kunieleza hayo kabla ya Kogo. Mwaka 2018 mbio za marathoni za Boston, Marekani, zilikimbiwa kwenye baridi kali, mvua ya kuchapa na upepo wa usoni. Vigogo wengi walijiondoa njiani. Geoffrey Kirui wetu, aliyekuwa bingwa mtetezi, alipitwa karibu na mwisho na Mjapani Yuki Kawauchi, mtumishi wa serikali aliyekuwa akifanya mazoezi baada ya saa za kazi, na Mjapani huyo akasema baadaye kwamba kwake yeye hali ile ilikuwa nzuri mno.

Nafundisha jiografia, siyo saikolojia, lakini mwalimu yeyote aliyekaa darasani chini ya mabati mwezi wa Julai hujikuta akisoma mambo ya akili. Mvua ikiyapiga mabati sauti yako haifiki dawati la pili. Unaandika ubaoni, watoto wananakili, na taratibu chumba kizima kinazama. Nilisoma kuhusu jaribio lililofanyika Illinois, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1983 na Norbert Schwarz na Gerald Clore. Watu walipigiwa simu, wengine siku ya jua na wengine siku ya mvua, wakaulizwa wanaridhika kiasi gani na maisha yao. Wa siku ya jua walijiona wameridhika zaidi. Lakini pale mpigaji alipoanza kwa kuulizia, kama mtu anayepitisha tu muda, hali ya hewa ya huko ikoje, tofauti ilitoweka. Mtu akishaulizwa habari za wingu, hukumbuka kwamba wingu liko nje, na halihesabu tena ndani ya maisha yake. Jaribio lilikuwa dogo, na mwaka 2013 Richard Lucas na Nicole Lawless walipoyapitia majibu ya Wamarekani zaidi ya milioni moja hawakuona kwamba hali ya hewa ya siku hiyo inasogeza sana kipimo cha mtu cha kuridhika na maisha. Sioni kwamba wamempinga Kogo. Ukiwachanganya wote waliokutana na mvua, wenye mashamba na wenye soksi kambani, lazima jumla itoke karibu na sifuri.

Hata hivyo lile swali la kwanza la kwenye simu nimeliona likifanya kazi. Naibu mkuu mmoja niliyefanya kazi chini yake alikuwa na desturi ya kufungua vikao vya alasiri za Julai kwa kusema: "Wenzangu, leo baridi imetushika sote. Mtu akikujibu vibaya, mpe kwanza chai." Vikao vyake vilikuwa vifupi kuliko vya mtu yeyote.

Giza nalo lina maelezo yake huko Ulaya na Amerika. Mwaka 1984 Norman Rosenthal, daktari aliyetoka Johannesburg akaenda kuishi Marekani, aliandika na wenzake kuhusu huzuni inayowapata watu kila majira ya baridi, siku zinapofupika. Eldoret iko karibu nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta. Siku yetu ndefu na siku yetu fupi hazipishani hata dakika tano. Hatuna majira ya baridi ya namna hiyo; tuna mawingu, na tuna nyumba zenye madirisha madogo yaliyofungwa. Nilihamishia meza ya kusahihishia vitabu kando ya dirisha, nikaanza kutembea kwa miguu asubuhi kabla ya kengele, na hilo lilinisaidia. Zaidi ya hapo sikuona sababu ya kujipa jina la ugonjwa.

Binamu yangu huendesha lori la kontena kutoka bandarini hadi Malaba, na safari nyingine hulala kwangu. Yeye anaijua njia nzima kwa ngozi. Voi ni jasho, Nakuru ni jaketi, na Timboroa, anasema, ni kimya. Hapo njia inapita kwenye mwinuko unaozidi mita 2,700, ukungu unashuka hadi kwenye kioo, redio inakoroma, na yeye na utingo wake, ambao tangu Mtito Andei hawajapumzisha ndimi, hawasemezani tena mpaka Burnt Forest. Mara ya kwanza kulala Eldoret alitoka kununua sigara saa moja na nusu za usiku akarudi amekunja uso. "Watu wako hawa wanajificha," alisema. "Mji mzima umebana milango. Hata wa kumwuliza duka hakuna."

Nikampeleka kwa Kogo. Tulikuta jikoni watu wasiopungua wanane, wakubwa kwa wadogo, wamezunguka moto. Alipewa kigoda, akapewa bilauri ya mursik, maziwa ya mgando, iliyomiminwa kutoka kwenye kibuyu, ina vidoa vya kijivu vya mkaa wa mti wa senetwet, na macho yote yakamtazama anywe. Akanywa. Akaulizwa meli zinapakuliwaje, kontena lina uzito gani, ni kweli papa anauzwa mnofu sokoni. Ilipofika saa tano za usiku nikamwambia kesho ana safari.

Nyumba zetu za Pwani zimeacha sehemu ya mgeni nje, kwenye baraza, kwa kuwa joto linamtoa mwenyeji ndani na upepo wa bahari unampumzisha hapo mlangoni. Ukipita njia unasalimiwa, unajibu, umekwisha kuwa mtu. Eldoret hisani imewekwa kando ya moto, ndani kabisa, na asiyekaribishwa haoni ila milango. Mtu wa Pwani akipita usiku husema hawa ni wakavu. Mtu wa bara akija Mombasa akaona wanaume wamekaa barazani saa nane mchana, jua limesimama utosini, husema hawa ni wavivu. Wote wawili wanasoma paa na ukuta, wanadhani wanasoma moyo.

Kila mwaka hupanga safari ya somo la jiografia kwenda bonde la Kerio, na sijapata darasa linalofundisha kama lile basi. Tunatoka Iten, mita 2,400 hivi, mji ambao wakimbiaji wa dunia nzima huja kukaa ili damu yao izoee hewa nyepesi. Wanafunzi wamevaa sweta mbilimbili. Barabara inaanza kuteremka ukingo wa Elgeyo kwa kona za kukata roho, na kufika Tambach sweta zinavuliwa na nyimbo zinapamba moto. Tukiingia Biretwo, chini kwa zaidi ya kilomita moja ya kusimama, nyimbo zimekwisha. Basi zima limelegea. Waliokuwa wakigombea dirisha wanagombea maji. Wa Mosop, yaani wa juu, husema watu wa Soi, wa chini, wana mwendo wa kinyonga. Wa Soi husema wa Mosop wana haraka ya kugombana. Nami nimeona kijana wa Soi akikaa bwenini Eldoret muhula mmoja tu na kurudi kwao na mwendo wa Mosop.

Ninachowaonyesha pale siyo joto, ni mahali watu walipojenga. Zamani Wakeiyo na Wamarakwet wengi hawakukaa juu kwenye baridi wala chini kwenye mbu. Walikaa kwenye ngazi za katikati ya mteremko, wakalima bondeni na kurudi juu kulala usiku. Wamarakwet walichonga mifereji kwenye majabali, ya karne kadhaa sasa, wakaiteremsha mito hadi kwenye mashamba makavu ya chini, na zamu za maji zikawa sheria ya koo. Mtu anayesema mazingira humfinyanga mwanadamu na asimame pale Tambach aangalie juu na chini. Watu hao waliyapima mazingira wakachagua.

Kuisingizia hewa ni desturi kongwe ya nyanda hizi. Makaburu waliofika na magari ya maksai mwaka 1908, na Waingereza waliowafuata, walikuja na imani ya madaktari wa zama zao kwamba jua la ikweta linachoma mishipa ya fahamu ya mzungu. Walivaa kofia nzito, wengine wakafunga vitambaa vya kukinga uti wa mgongo, na ukali wa bwana shamba kwa vibarua wake ukapata jina la kitabibu. Jua lile lile halikumpa kibarua ruhusa ya kuwa mkali.

Siku hizi lawama imehamia kwenye baridi. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 nchini zilichomwa moto, nyingi katika muhula wa pili, ule wa Mei hadi Agosti, na nilimsikia zaidi ya mzazi mmoja akisema ni baridi inawatia watoto wazimu. Lakini muhula wa pili ndio wenye mitihani ya majaribio, ndio mrefu, ndio karo iliyobaki inadaiwa, na mwaka huo sheria za mitihani ya kitaifa zilikuwa zimekazwa. Ukiuhamishia mtihani wa majaribio Februari, nadhani moto utaufuata kwenye joto.

Nasema hivyo kwa kuwa nimeona hofu ikihama. Desemba na Januari ndiyo miezi mizuri ya Eldoret. Mvua imekatika, mahindi yameuzwa, vijana wanatoka jandoni, harusi kila Jumamosi, vumbi jekundu mpaka kwenye keki. Lakini wako majirani zangu ambao kwao jua hilo lilikuwa na maana nyingine. Chaguzi za 1992, 1997 na 2007 zilifanyika Desemba. Tarehe 1 Januari 2008, katika msimu huo wa jua, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa nje kidogo ya mji lilichomwa moto pamoja na watu waliokimbilia ndani, wengi wao wanawake na watoto. Mama mmoja wa Langas aliniambia kwamba kwa miaka mingi majani ya mahindi yakianza kukauka na kutoa ule mchakacho wao, tumbo lilimsokota. Katiba ya 2010 ikahamisha uchaguzi. Ulipokuja wa Agosti 2017, na tena wa Agosti 2022, alinunua unga na mafuta ya taa mapema, akafungasha vyeti vya watoto, mvua ikinyesha. Mchakacho wa majani, aliniambia, haumsumbui tena. Sasa ni matope.

Mfano mkali zaidi ninaoujua wa hewa kusingiziwa ukatili unatoka Meatu, huko Tanzania, iliyokuwa wakati ule katika mkoa wa Shinyanga. Mtaalamu wa uchumi Edward Miguel alichunguza mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi, akachapisha matokeo mwaka 2005. Katika miaka ambayo mvua ilizidi mno au ilipungua mno, mauaji hayo yalikuwa kama mara mbili ya miaka ya kawaida. Waliouawa walikuwa zaidi wanawake wazee wa nyumba maskini, na mara nyingi kwa mkono wa jamaa zao. Ukisikia nusu ya habari utasema ukame hutia watu ukatili. Lakini gharika nayo ilifanya vilevile, na gharika na ukame havifanani kwa ngozi wala kwa jicho. Vinafanana ghalani. Chakula kikipungua, mtu anayekula na halimi anaanza kutazamwa, na uchawi unatoa kisingizio ambacho njaa peke yake haina.

Unyonge wangu wa Julai haukutibiwa na kusoma yote hayo. Ulitibiwa na ekari moja. Kogo alinitafutia ya kukodi huko Moiben, karibu na zake, na Machi ile nilijikuta mimi wa Kisauni nimesimama foleni ya mbolea, nimevaa gambuti, nabishana na watu kuhusu mbegu. Tulipanda mwishoni mwa mwezi. Mvua ya saa tisa ilipokuja sikuiona tena kama giza, nilihesabu. Hii ya kuotesha. Hii ya palizi. Hii inatosha, ikizidi inasomba mbolea. Wiki moja isiponyesha mwezi wa Juni, anga ni ya samawati ya kuchora picha, na mimi nimenuna chumbani. Usiku mvua ikiyapiga mabati niligeuka upande wa pili nikalala fofofo, mimi niliyekuwa nikikaa macho kwa sauti ileile. Wenzangu wa staff room waliniuliza kama nimepata mchumba.

Kisha ikaja Oktoba. Mahindi yamekauka yakiwa yamesimama, tumeyakata, tumeyasimamisha mafungu mafungu shambani, mengine yamepukuchuliwa na kutandazwa juani kwenye maturubai. Bodi ya Nafaka haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, na unyevu ukizidi huingia kuvu, na kuvu huleta sumu. Kogo hakuwa na kipimo cha mashine. Alichukua chupa kavu ya glasi, akatia punje za mahindi na chumvi kavu, akaifunga, akaitikisa, akaiweka chini ikatulia, kisha akaiinua kwenye mwanga. Chumvi ikiganda kwenye glasi, bado. Ikiteremka yote chini, tayari. Siku hiyo iliganda. Akaitikisa tena kama mtu asiyekubali jibu, ikaganda tena, na hapo hapo ngurumo ikasikika.

Tulikimbia. Watoto, wapangaji, mimi na chaki mfukoni, tukakunja maturubai yenye uzito wa mtu, tukaburura magunia hadi varanda. Kogo, ambaye sijapata kumsikia akiinua sauti, alisimama katikati ya kiwanja kitambaa kimemtoka kichwani akiikaripia mbingu: "Mvua gani hii haina adabu? Ilikuwa wapi Juni?" Kwa siku tatu ploti ilikuwa na kisirani. Mpangaji wa mlango wa pili alikaripiwa kwa kuacha ndoo njiani. Mimi niligombana na mtu wa matatu kwa shilingi kumi. Mwalimu mgeni kutoka Malindi, aliyekuwa amehamia mlango wa mwisho mwezi huo, alitoka nje akaitazama mvua akasema kwa furaha kwamba angalau leo kumepoa. Hakujibiwa na mtu.

Nikampa ushauri wa sufuria ya presha na wa meza kando ya dirisha. Wa ekari sikumpa, kwa kuwa bei ya kukodi imepanda na nilikuwa nataka hiyo iliyo jirani na yangu. Hatimaye nilimpa binamu yangu nusu. Amelipia msimu huu kwa pesa za safari, hajapata kuliona shamba ila kwenye picha za simu, na mwezi uliopita alinipigia kutoka Changamwe, kwenye joto la kuanika papa, kulalamika kwamba amesikia huko Eldoret jua limezidi.